Je, Wajua? Kiyoyozi cha Lori Huugulia Kwenye Baridi

Asubuhi ya Julai pale Mlandege, Iringa, dereva wa semi huamka kitandani nyuma ya usukani akiwa amejigubika blanketi mbili. AC haimo hata akilini mwake, kwani mji uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Anawasha gari, anapita Ilula, anashuka Kitonga. Kila mita 1,000 za kushuka, joto hupanda nyuzi 6 hivi. Akifika Ruaha Mbuyuni, jasho linamtiririka. Anabonyeza AC, unakuja upepo wa moto. Atasema imemharibikia njiani, kumbe huenda iliharibika kule kule kwenye baridi.

Malori mengi hutumia gesi ya R-134a, ambayo katika hewa ya kawaida huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Kompresa inayozungushwa na mkanda wa injini huibana hadi ipate moto. Kondensa iliyo mbele ya rejeta huipoza iwe kimiminika. Kisha hupenya tundu jembamba, shinikizo hushuka ghafla, nayo huchemka ndani ya evapareta ikinyonya joto la kabini.

Gesi hiyo husafiri na mafuta, na mafuta hayo ndiyo yanayolainisha sili ya kompresa. AC ikilala miezi bila kuwashwa, sili hukauka na gesi huvuja kidogo kidogo. Ikipungua mno, swichi ya shinikizo huizuia kompresa isiwake, isije ikasagika kwa kukosa mafuta.

Kabla hujamwita fundi, washa injini na utingo abonyeze AC. Wewe sikiliza klachi ya kompresa: inatakiwa ilie "ta!" Ikiwa kimya, kagua fyuzi na waya, vikiwa vizima, shuku gesi. Ikishika, iache ifanye kazi dakika kadhaa, zima injini, kisha gusa mabomba kwa uangalifu. Bomba nene linaloingia kwenye kompresa liwe la baridi, jembamba linalotoka liwe la moto. Yakilingana, gesi imepungua au kompresa imechoka. Ukiona kiungio kina doa la mafuta lililoshika vumbi, mara nyingi hapo ndipo panapovuja.

Mabomba yakiwa sawa na kabini bado ni ya moto, angalia vali ya hita, maana huku Nyanda za Juu hita hutumika sana na vali huweza kukwama wazi. AC ikipoza gari likikimbia na kuishiwa nguvu kwenye foleni ya mizani, kagua feni na uoshe kondensa, vumbi limeiziba. Maji safi yanayodondoka chini ya kabini si ugonjwa, ni unyevu uliotolewa hewani.

Usikubali kujaziwa gesi kabla uvujaji haujazibwa. Ni hasara kwako, na kilo moja ya R-134a ikitoroka hupasha joto dunia zaidi ya mara 1,000 kuliko kilo moja ya kaboni dayoksaidi.

Basi dereva, hata Julai washa AC dakika 10 kila wiki. Ukiona baridi, fungulia na hita pamoja: AC hukausha hewa, na ukungu wa kioo cha mbele hutoweka. Utaona barabara vizuri, na kompresa itapata mafuta yake kabla hujaikabili Kitonga.