Gari Lililoshushwa na Tairi Linaloliwa Upande Mmoja (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia kwenye springi: kwa nini iliyokatwa kwa grainda huwa ngumu kuliko ilivyotoka kiwandani, na kwa nini ile iliyochomwa kwa gesi ili ilegee haifai kurudi barabarani kamwe. Leo tuchukulie kwamba msomaji amefanya jambo la busara. Amenunua springi fupi zilizotengenezwa kwa ajili ya gari lake, Subaru Impreza tuseme, na gari limeshuka sentimita nne. Linapendeza. Miezi michache baadaye matairi ya mbele yamebaki kipara upande wa ndani, hadi waya zinachungulia, ilhali upande wa nje ungali mzima.

Lawama huangukia kule kuinama kwa gurudumu, yaani kemba, kwa sababu ndiko kunakoonekana kwa macho. Ukisimama kando ya Lower Kabete Road asubuhi magari ya Spring Valley yakielekea Westlands, utayatambua yaliyoshushwa kabla hujatazama bodi: magurudumu yameinamisha vichwa ndani, juu yamekaribiana, chini yametanuka. Lakini kemba hula tairi polepole. Mlaji mkubwa haonekani.

Turudi chini ya gari. Kwenye Impreza, shoki na springi ya mbele ni nguzo moja, mtindo uliobuniwa na mhandisi Mmarekani Earle MacPherson katika miaka ya 1940 na kuenea duniani kwa sababu ni rahisi na hauchukui nafasi. Juu, nguzo imefungwa kwenye bodi. Chini, gurudumu linashikiliwa na mkono mmoja. Gari likiwa halijaguswa, mkono huo kwa kawaida huteremka kidogo kuelekea nje. Ukilishusha gari, ncha ya nje inapanda na mkono unakaribia kulala sawa, hivyo sehemu ya chini ya gurudumu inasukumwa nje. Hapo ndipo kemba inapoongezeka. Ukizidi kulishusha, mkono unapita usawa huo na kuanza kutazama juu, na sasa kila gurudumu linapobanwa kwenye kona ncha inavutwa ndani badala ya kusukumwa nje. Wakati huohuo kitovu ambacho bodi hulalia kwenye kona kinashuka kwa kasi kuliko bodi yenyewe, kwa hiyo uzito unapata mkono mrefu zaidi wa kuiyumbisha. Ndiyo sababu gari lililoshushwa kupita kiasi laweza kukata kona vibaya kuliko lilivyokuwa, hata kama mwenyewe anaapa vinginevyo.

Sasa mlaji wetu. Gurudumu linashikwa pia na tairodi, fimbo inayotoka kwenye reki ya usukani. Tairodi na mkono wa chini havina urefu sawa wala havianzii mahali pamoja, basi vinapopanda kila kimoja huchora tao lake. Tofauti ya matao hayo huigeuza pua ya gurudumu ndani au nje kidogo, kulingana na reki iko mbele au nyuma ya ekseli. Mafundi huita kipimo hicho tou. Gari likishuka sentimita nne, tou imeshahama kabla hata injini haijawashwa.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua rimu ya inchi 17, ambayo kipenyo chake ni takriban milimita 430. Pua ya gurudumu ikipotoka milimita moja tu, ukilinganisha ukingo wa mbele wa rimu na wa nyuma, tairi hilo linaburutwa kando mita mbili na ushee kwa kila kilomita linayokwenda. Milimita tatu ni karibu mita saba. Safari ya kilomita 10 kutoka Spring Valley kupitia mjini hadi upande wa pili inakuwa mita 70 za kusugua lami kwa ubavu, na jioni nyingine 70 za kurudi. Kemba ndiyo huamua ni upande upi wa tairi utakaosugika kwanza. Viwili hivi vikikutana, hakuna tairi litakalovumilia, liwe jipya au la mtumba.

Kwa hiyo alaimenti si jambo la hiari baada ya kushusha, na wala si sawa na balansi, ingawa wenye magari wengi hulipia balansi wakidhani wamemaliza kazi. Balansi huondoa mtetemo wa gurudumu linapozunguka. Haigusi mwelekeo wake.

Mpangilio wa kazi ndio unaoharibiwa zaidi gerejini. Fundi hufunga springi gari likiwa limepandishwa kwa jaki, magurudumu yananing'inia, kisha anakaza bolti zote za mikono papo hapo. Bushi za mpira hukazwa zikiwa katika mkao wa kuning'inia. Gari likishushwa chini, zinakaa zimesokotwa muda wote na kuchanika mapema. Bolti hizo zapaswa kukazwa mara ya mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Kisha liendeshwe siku kadhaa springi zikae, ndipo liende kwenye mashine. Na kabla ya mashine, boljointi, ncha za tairodi na bushi zikaguliwe, kwani hakuna kipimo kinachokaa juu ya kiungo kinachocheza.

Kwenye mashine, omba karatasi ya vipimo vya kabla na vya baada. Kemba irekebishwe kwanza, tou mwisho, kwa kuwa kila ukigusa kemba tou nayo inahama. Hapa wenye Impreza wana bahati: bolti ya juu inayoshika shoki ya mbele imetengenezwa na kiwanda iwe ya kuzungushwa ili kurekebisha kemba. Magari mengi mengine hayana hiyo, hadi ununue bolti maalumu. Mazda Demio na Toyota Vitz, zilizojaa mjini, zina kikwazo kingine nyuma: ekseli ni boriti moja isiyo na pa kurekebishia, na fundi mwaminifu atakwambia hivyo badala ya kukuuzia alaimenti ya magurudumu manne.

Karatasi hiyo, hata ikiwa yote ya kijani, imepimwa gari likiwa limesimama. Barabarani gurudumu hupanda na kushuka, na tou hupanda na kushuka nalo. Kwenye gari lililoshushwa sana mabadiliko hayo huwa makubwa zaidi, na dereva huyahisi usukani unapovuta wenyewe akipita juu ya bonde la lami. Tiba yake ni kuirudisha tairodi katika ulinganifu na mkono wa chini kwa ncha na boljointi ndefu zaidi, si kurudi kwenye mashine mara tatu.

Inafaa kukumbuka kwamba nchi hii ilijijengea jina katika michezo ya magari kwa kufanya kinyume. Tangu Safari Rally ianze mwaka 1953, timu zilizokuja huku zilijifunza kuyainua magari, na Impreza aliyoshinda nayo Colin McRae mwaka 1997 ilikuwa juu zaidi kuliko ile ya mashindano ya lami ya Ulaya. Sidai kila mtu aendeshe gari la safari kwenda Sarit Centre. Ila matuta ya mitaa ya Spring Valley hayakuchongwa kwa kipimo kimoja, na mvua ya Aprili ikishaipiga lami, mashimo hayachagui. Kwa maoni yangu, sentimita tatu ndiyo mwisho kwa gari la kila siku hapa Nairobi. Zaidi ya hapo shoki inakosa nafasi ya kubanwa, inagonga kizuizi chake cha mpira kwenye kila tuta, na kipigo kimoja cha shimo kinatosha kuipinda tairodi na kufuta alaimenti uliyolipia juzi.

Wiki ijayo tutazitazama shoki zenyewe, hasa zile za kurekebishwa urefu kwa uzi.