Zumari Mbili, Besi na Kayamba

Muziki wa Super Mario Bros. niliujua kabla sijajua kuwa kuna mtu aliyeutunga. Kwenye banda la gemu la mtaani kwetu tulilipia kwa dakika. Mmoja akicheza, kumi wakisubiri zamu, na wimbo uleule ukizunguka mchana kutwa. Ule wa hatua ya kwanza ninaweza kuuimba noti kwa noti hadi leo. Wa ngomeni siujui vizuri, maana hela yangu haikufika huko mara nyingi.

Baadaye nikasomea muziki, na swali likanirudia: mbona wimbo ule haukutuchosha?

Jibu linaanzia kwenye mashine iliyochezesha gemu hiyo. Famicom, iliyotolewa na Nintendo huko Japani mwaka 1983, ilikuwa na njia tano tu za sauti. Mbili zilitoa mawimbi ya mraba, sauti kali inayotokea puani. Mwenye masikio ya Pwani ataisikia kama zumari. Ya tatu ilitoa mawimbi ya pembetatu, laini zaidi, na watunzi wengi waliifanya besi. Ya nne haikuwa na noti, ni mchakacho mtupu, basi ikawa kayamba. Ya tano ilicheza vipande vifupi vya sauti iliyorekodiwa, lakini vipande hivyo vilikula nafasi, na nafasi ilikuwa ya shida: kaseti nzima ya Super Mario Bros., picha, programu na muziki pamoja, ilikuwa kilobaiti 40. Picha moja ya simu yako inaizidi mara nyingi.

Si hayo tu. Mario akiruka, mlio wa kuruka huazima zumari moja, na noti zake humezwa kwa muda. Koji Kondo, aliyeutunga muziki huo mwaka 1985, hakuwa na kinanda wala kwaya ya kumfunikia udhaifu. Melodia ilibidi isimame kwa miguu yake, na besi itembee kwa namna yake badala ya kuifuata nyuma kama mkia.

Tena mtunzi wa gemu hajui mchezaji atakaa hatua moja kwa muda gani. Kwa hiyo wimbo hauna mwisho. Noti ya mwisho lazima imkabidhi msikilizaji kwa noti ya kwanza bila yeye kushtuka. Mpenzi wa sebene analielewa jambo hili. Gitaa hurudia kifungu kilekile, na kadiri linavyorudia ndivyo mwili unavyokolea. Tofauti ni kwamba kwenye gemu wimbo nao unakutazama. Saa ya Mario ikishuka chini ya 100, muziki unakimbia. Space Invaders ya mwaka 1978 ilikuwa na noti nne tu za besi, zikiongeza kasi kadiri maadui walivyopungua, na noti nne hizo zilitosha kumtoa mtu jasho. Wimbo wa namna hiyo husikilizwa kwa vidole na mapigo ya moyo, si kwa masikio peke yake, ndiyo maana haufutiki.

Vijana watanikasirikia, lakini muziki mwingi wa gemu za leo, pamoja na okestra zake kubwa, hupita kama upepo. Ninauacha mmoja pembeni. Mwaka 2005 Mmarekani Christopher Tin aliitungia Civilization IV wimbo wa ukurasa wa kuanzia, akatumia Sala ya Bwana kwa Kiswahili na kuuita "Baba Yetu". Kundi la Talisman la Chuo Kikuu cha Stanford ndilo lililouimba kwenye gemu; baadaye Tin akaurekodi upya na Soweto Gospel Choir. Mwaka 2011 ukapata Grammy, wa kwanza kuipata kati ya nyimbo zilizotungiwa gemu. Matamshi yana ugeni kidogo, nakiri. Hata hivyo inanishangaza kwamba wimbo huo wa lugha yetu hausikiki sana kwetu kama unavyosikika ugenini.

Ukitaka kuanza, chukua wimbo wa Mario wa mwaka 1985 katika sauti yake ya awali, si ile ya okestra. Vaa spika za masikioni. Achana na melodia, unaijua tayari. Fuata besi mpaka wimbo uzunguke mara tatu.