Sanduku la malalamiko lisianguke tena

Wenzetu wa koperative, sanduku letu la malalamiko pale kwa depo lilianguka mvua ya kwanza tu. Tulikuwa tumelipigilia kwenye mti mbichi wa kalitusi. Mti ukakauka, misumari ikalegea. Barua zikalowa. Watu walikuwa wameandika juu ya mizani ya kahawa, na hakuna aliyeweza kuzisoma.

Safari hii tumechukua nguzo kavu ya metre 2, tukaichoma upande wa chini mpaka ikawa nyeusi (mchwa wa kwetu hawana huruma), tukaifukia sentimetre 60, tukashindilia mawe na udongo kidogo kidogo. Juu tulifunga kwanza ubao mpana, sanduku likakaa hapo kwa bulo nne zilizokazwa kutoka ndani: mwenye hana ufunguo hawezi kuling'oa. Ufunguo anao mama mmoja wa komite, siyo mpima mizani.