Semina ya vifungashio ianze na hesabu ya mteja

KIWANDA cha vifungashio hakimuuzii mlaji moja kwa moja. Wateja wake ni wafanyabiashara wenzake: msindikaji wa viungo, msaga nafaka, mfuga nyuki anayeuza asali, mnunuzi wa korosho. Kwa sababu hiyo tangazo la redio halikisaidii sana, na viwanda vingi hukimbilia semina. Hukodi ukumbi, hualika watu mia moja, hutoa chakula cha mchana, hugawa kalamu na kalenda. Wiki mbili baadaye meneja masoko huhesabu oda zilizoingia na kukuta hazijai vidole vya mkono mmoja.

Mara nyingi tatizo si bidhaa. Semina ilipangwa kuonyesha ukubwa wa kiwanda, wakati mteja alikuja na swali ambalo halimo kwenye ratiba: kiasi kidogo kabisa mnachoweza kuniuzia ni kipi, na kwa bei gani?

Mtaji uliolala ghalani

Swali hilo lina mzizi wa kitaalamu. Mifuko laini inapochapwa kwa silinda, kila rangi huhitaji silinda yake iliyochongwa. Gharama hiyo ni ileile, ichapwe mifuko elfu moja au laki moja. Ndiyo maana kiwanda hudai oda kubwa. Lakini msindikaji mdogo akikubali, mtaji wake hulala ghalani katika umbo la mifuko mitupu.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Msindikaji anauza pakiti 2,000 za viungo kwa mwezi. Kiwanda kinamtaka achukue mifuko 20,000 iliyochapwa kwa Sh 150 kila mmoja, yaani Sh 3,000,000 kwa mkupuo, shehena ya miezi kumi. Njia ya pili ni kununua mfuko usiochapwa kwa Sh 120 na kubandika lebo ya Sh 60. Kila pakiti itagharimu Sh 180, lakini kwa mwezi wa kwanza atatoa Sh 360,000 tu.

Katika miezi kumi njia ya pili itamgharimu Sh 600,000 zaidi. Hiyo ndiyo bei ya kubaki na Sh 2,640,000 mkononi siku ya kwanza, fedha zinazoweza kununua malighafi wakati wa mavuno bei ikiwa chini. Mwenye soko la uhakika atachagua mfuko uliochapwa. Anayeanza atachagua lebo. Semina inayoweka hesabu zote mbili ubaoni, bila kumficha mteja kitu, itapata oda kutoka pande zote mbili, na yule wa lebo akikua atajua pa kurudi.

Waalikwa wachache, wa aina moja

Kosa la pili ni kuchanganya watu. Muuza asali anahitaji chombo kisichovuja wala kuingiza unyevu, kwa kuwa asali hunyonya maji kutoka hewani. Muuza karanga na korosho zilizobanguliwa anaogopa hewa na mwanga, maana mafuta yake huchacha. Mfuko wa kawaida wa nailoni huzuia unyevu vizuri lakini hupitisha hewa, kwa hiyo viungo hupoteza harufu humo. Anayesafirisha kwa maboksi anataka kujua kama boksi la chini litahimili uzito wa yaliyo juu yake, hasa baada ya kupata unyevu.

Watu hawa wakikaa ukumbi mmoja, kila mmoja atasinzia zamu ya mwenzake. Ni afadhali waalikwa 25 wa sekta moja kuliko mia moja wa kila aina. Ofisi za SIDO za mikoa, ambazo kazi yake ni kuhudumia viwanda vidogo, ni mahali pazuri pa kuanza kutafuta walengwa.

Sampuli mkononi, mizani mezani

Mfanyabiashara huamini anachokishika. Mwombe kila mwalikwa aje na bidhaa yake mwenyewe. Ifungwe palepale kwa mashine ya kuziba kwa joto, itumbukizwe majini, na wote waone kama inavuja.

Jaribio jingine halihitaji maabara. Tangu Tanzania Bara ipige marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 1 Juni 2019, mifuko mbadala isiyofumwa inatakiwa iwe na uzito usiopungua gramu 70 kwa mita ya mraba. Kata kipande cha sentimita 10 kwa 10 na ukipime kwa mizani ya sonara. Kikiwa chini ya gramu 0.7, mfuko huo haujafika kiwango. Mchuuzi aliyenunua marobota ya mifuko hafifu kwa sababu ya bei hukaa na mzigo ambao anaweza kunyang'anywa wakati wowote. Kiwanda kinachomfundisha kupima, hata kupima mali ya kiwanda chenyewe, kimejipatia mteja.

Sheria nayo isemwe kwa lugha nyepesi. Wapo wanaodhani kila plastiki imekatazwa. Kanuni za 2019 zililenga mifuko ya kubebea. Vifungashio vya bidhaa za viwandani, vya usindikaji wa vyakula, vya kilimo na vya huduma za afya viliachwa. Aalikwe ofisa wa TBS aeleze viwango na maandishi yanayotakiwa kwenye lebo, na wa Wakala wa Vipimo aeleze uzito halisi. Robo saa kwa kila mmoja inatosha, na muda unaobaki uwe wa maswali.

Siku na msimu

Tarehe nayo ni sehemu ya mauzo. Ritani za VAT huwasilishwa kabla ya tarehe 20 ya kila mwezi kupita, hivyo siku zinazokaribia tarehe hiyo mwenye biashara na mhasibu wake hawana nafasi. Ijumaa mchana wengi wako msikitini. Asubuhi ya Jumanne hadi Alhamisi, mwanzoni mwa mwezi, inafaa zaidi.

Msimu ni muhimu kuliko siku. Minada ya korosho kusini kwa kawaida huanza Oktoba. Semina ya magunia ikifanyika mwezi huo imechelewa, kwa sababu fedha za ununuzi zimekwisha kutengwa. Ifanyike Juni au Julai, wakati bajeti zinaandikwa.

Baada ya kuagana

Kila mshiriki aondoke na karatasi moja yenye bei, oda ya chini, muda wa kupelekewa mzigo na masharti ya malipo. Kabla ya wiki kwisha apigiwe simu na apelekewe ankara ya awali kwa kiasi alichotaja mwenyewe. Kisha hesabu ya mwisho ifanywe: gharama yote ya semina igawanywe kwa idadi ya waliolipa, wala si ya waliokula. Semina ya Sh 4,000,000 iliyoleta wateja watano imemnunua kila mmoja kwa Sh 800,000. Ya Sh 1,500,000 iliyoleta kumi imemnunua kila mmoja kwa Sh 150,000.

Na kwa mwekezaji mdogo anayefikiria kununua mashine ya kutengeneza mifuko, ushauri wetu ni huu: kabla ya kulipia mashine, hudhuria semina kama hizo na usikilize maswali ya wateja. Yale yanayokosa majibu ndiyo soko lako. Ukikuta yote yamejibiwa, fedha zako zibaki benki kwa sasa.