Programu Inayochunguzwa Ikiwa Kazini

Donald Knuth alipochunguza programu za Fortran mwaka 1971, aliona kwamba sehemu isiyofika asilimia 4 ya programu aghalabu ndiyo ilayo zaidi ya nusu ya muda wa kazi nzima. Na mtu akiisha kulifahamu hilo, hatastaajabu kwamba mashine iendeshayo lugha ya Java haijisumbui kuinoa programu yote tangu mwanzo, bali hungoja kwanza ione penye moto ni wapi.

Mashine hiyo, HotSpot, iliyotolewa na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani mwaka 1999, huanza kwa kuisoma programu amri baada ya amri na kuitekeleza papo hapo, huku ikihesabu kila utaratibu umeitwa mara ngapi. Hesabu ikifika kikomo, ambacho kwa kompaila (yaani mfasiri wa programu) ya seva ya siku zile kilikuwa mara 10,000, utaratibu huo hutafsiriwa kuwa lugha ya mashine, tena kwa kufuata mwenendo ulioshuhudiwa.

Tuseme ni programu ya benki inayokokotoa riba. Kompaila ifanyayo kazi kabla programu haijaanza, kwa kuwa haijui ni akaunti za aina gani zitakazokuja, mara nyingi hulazimika kuacha swali lile lile liulizwe kila mara: hii ni akaunti gani? HotSpot, ikiona kwamba hadi sasa imepakiwa akaunti ya akiba peke yake, huliondoa swali na kuipachika kanuni ya akiba pale pale inapotakiwa. Hiyo ni dhana, si yakini. Saa sita mchana akaunti ya muda maalumu yaweza kuingia, na dhana ikatanguka. Basi msimbo ule hubatilishwa, na programu, ingawa imo katikati ya kazi, hurudishwa kusomwa amri baada ya amri kutoka mahali ilipofikia, thamani zake zote zikiwa salama.

Ajabu ni kwamba mbinu hii haikubuniwa kwa ajili ya mbio. Urs Hölzle, Craig Chambers na David Ungar waliieleza mwaka 1992 katika kazi yao juu ya lugha ya Self, ili mwandishi wa programu aweze kutafuta kasoro bila kutatizwa na mageuzi yaliyofanywa na kompaila. Kwa rai yangu, ndiyo nguzo ya mambo yote haya, maana kompaila isiyoweza kutengua kauli yake haithubutu kukisia.

Kumbukumbu nayo huangaliwa vivyo hivyo. Vitu vingi hufa vichanga. Kwa hiyo vipya huwekwa katika sehemu iitwayo Edeni, na ikijaa, vilivyo hai hunakiliwa kwingine, ilhali vilivyokufa havishughulikiwi hata kidogo, hata gharama ikawa ya vilivyo hai tu. Kila kinachonusurika huongezewa umri, usiozidi 15, kwa sababu umri huo umetengewa biti 4 tu. Walakini vilivyonusurika vikizidi nusu ya nafasi yao, mashine huushusha umri wa kuhamia katika sehemu ya vitu vizee bila kungoja kuamriwa.

Na kwa kuwa mashine huanza kwa kusoma amri baada ya amri, apimaye kasi ya programu ya Java katika sekunde zake za kwanza huwa amempima zaidi msomaji wa amri kuliko kompaila, na seva iliyowashwa upya asubuhi, wateja wakiwa foleni, yafaa ipewe kwanza kazi za majaribio.