Nyasi nilizong'oa zilikuwa zikilinda mahindi yangu

Mwaka wa kwanza niliporudi Petta kulima shamba la marehemu baba, nilifyeka kila unyasi uliokaribia mahindi. Ndivyo nilivyosoma nchini Kenya, ambako wazazi walitukimbizia 1987 vita vilipopita Tororo. Daftari langu la somo la kilimo lilisema magugu ni maskani ya wadudu. Hata nepia ya jirani iliyokuwa kwenye mpaka wa shamba nilimwomba aing'oe, naye kwa kumheshimu mwalimu akaing'oa.

Msimu huo mahindi yaliharibika yakiwa bado magotini. Majani yalitoboka vitundu vilivyojipanga mstari, kisha kiini kikanyauka, ukikivuta, kinachomoka. Nilipopasua bua nilimkuta funza ndani, amenenepa.

Funza wa mabua ni mtoto wa nondo. Wanaotusumbua zaidi ni Busseola fusca, mwenyeji wa Afrika, na Chilo partellus, aliyetoka Asia na kuonekana Malawi miaka ya 1930. Mahindi yenyewe ni mgeni kutoka Amerika. Kabla hayajafika, Busseola aliishi kwenye mtama na nyasi za mwituni, na hajazisahau.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba kila mmea unaomkaribisha nondo humlea na mtoto wake. Katika miaka ya 1990, watafiti wa icipe kule Mbita, ukingoni mwa Ziwa Victoria, wakiongozwa na Zeyaur Khan, walionyesha kuwa sivyo. Saa ya kwanza ya giza, nondo anapotafuta pa kutaga, nepia humwaga harufu kwa wingi kuliko mahindi. Nondo huifuata na kutaga huko. Funza wakianguliwa na kuanza kutoboa, utomvu wa nepia huwanasa, na wanaopona ni wachache mno.

Mlezi halisi ni mtama, nami niliuacha umesimama. Nani hapa kwetu atauondoa, malwa itatoka wapi? Lakini baada ya kuvuna, Busseola hulala ndani ya mabua ya mtama na ya mahindi kiangazi chote, akingoja mvua. Sisi huyaegemeza mabua ukutani yawe kuni, tukimhifadhia kivuli. Ukiyalaza juani shambani kwa wiki nne hivi, wengi hufa.

Kutokana na utafiti huo ulizaliwa mtindo wa vuta-sukuma: safu tatu za nepia kuzunguka shamba zimvute nondo, na desmodiamu kati ya mistari ya mahindi imsukume kwa harufu asiyoipenda. Nepia ipandwe mapema ili iyatangulie mahindi kukua. Desmodiamu pia huangamiza kiduha, ambacho Wajaluo hukiita kayongo, na kwa wengi wetu hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote. Nepia na desmodiamu zote ni chakula cha ng'ombe.

Sasa neno kwa wenzangu mnaovusha pingili za nepia kwa baiskeli Busia na Malaba. Magharibi mwa Kenya na mashariki mwa Uganda kuna ugonjwa wa kudumaa kwa nepia: majani huwa madogo na ya manjano, na shina likikatwa halichipui vizuri. Pingili kutoka shina kama hilo hubeba ugonjwa, na mdudu anayeruka jani hadi jani huueneza. Kabla ya kununua, tazama shina lilikokatwa, usitazame mzigo tu.

Penye ukame, wengi wamebadilisha nepia kwa brakiaria ya Mulato. Viwavijeshi vipya kutoka Amerika vilipotuvamia mwaka wa 2017, mashamba yaliyokuwa na mtindo huo nchini Kenya, Uganda na Tanzania yalipimwa, na matokeo yaliyochapishwa 2018 yalionyesha viwavi vilipungua kwa zaidi ya asilimia 80 yakilinganishwa na mahindi yaliyopandwa peke yake.

Mimi nilirudi kwa jirani kumwomba pingili. Alicheka hadi akakaa chini, akaniambia, "Mwalimu, hizi sasa ni za kulipia." Nimemlipa kwa maziwa.