Sauti ya Mama wa Mpakani

Jumamosi usiku, 22 Mei 2021, anga la Gisenyi, mji wa Rwanda ulio wilayani Rubavu, liligeuka jekundu. Volkano ya Nyiragongo ilikuwa imelipuka, na watu wa Goma, upande wa Kongo, wakawa wanavuka mpaka kwa miguu, watoto mgongoni, magodoro kichwani. Muda si mrefu picha zao zilikuwa zinaonekana kwenye stesheni ambazo hazijawahi kuwa na mpiga picha Rubavu.

Njia ya picha hizo ni ya zamani. Mpiga picha wa shirika la habari kama Reuters, AP au AFP anarekodi na kutuma, kisha kila stesheni iliyojiandikisha inachota vipande inavyovitaka. Vituo vya umma vya Ulaya hubadilishana vyenyewe kupitia mtandao wa Eurovision: kinachochota leo, kesho huchangia. Afrika nayo iliunda umoja wake wa vituo vya utangazaji, URTNA, mwaka 1962, ambayo leo ni AUB, makao yake Dakar. Na ni Mkenya, Mohamed Amin, aliyerekodi njaa ya Korem, Ethiopia, Oktoba 1984, kwa ajili ya shirika la Visnews. Stesheni zaidi ya 400 zilirusha picha zile.

Picha basi zinafika. Linalonisumbua ni sauti.

Kila mkanda huja na maelezo ya maandishi: mahali, tarehe, nani anasema, kwa lugha gani. Mama aliyevuka mpaka pale Petite Barrière, kati ya Goma na Gisenyi, huandikwa kwamba amesema Kiswahili, na maneno yake huwekwa kwa Kiingereza. Tokyo inaihitaji tafsiri hiyo. Dar es Salaam haiihitaji. Lakini mara ngapi nimetazama taarifa ya habari ya Kiswahili, sauti ya mama imezimwa kabisa, na msomaji anatafsiri ile tafsiri! Maneno yametoka mpakani kwa Kiswahili, yamepita London, yamerudi kwetu yakiwa Kiswahili cha studio. Yeye alisema "batoto" na "bintu", maneno ambayo mtu wa Kigoma angeyaelewa bila mkalimani. Hofu yake ilikuwa humo humo.

Januari 2025, vita vilipoingia Goma, watu walivuka tena kuja Rubavu, na kamera zikawapokea pale pale.

Na kila mara sauti ya asili imo kwenye mkanda, haijakatwa. Mhariri anahitaji kuiachia sekunde kumi tu, msomaji anyamaze, tumsikie mama akiwahesabu watoto wake kwa majina kabla hajasogea kwenye foleni.